Ilikosa Jumamosi

Amri ya kwanza ya mahakama niliyopewa ilikuwa na kila kitu ambacho karatasi ya serikali hutakiwa kuwa nacho: namba ya shauri, majina yetu wawili, muhuri, sahihi ya hakimu. Ilichokosa ni Jumamosi. Au Jumapili, au siku nyingine yoyote ya wiki. Ilisema mtoto atakaa na mama yake, baba atatoa matunzo kila mwezi, na baba atakuwa na haki ya kumwona mtoto "kwa nyakati zinazofaa".

Ndugu zangu walinipongeza. Kesi ya talaka ikishakuchosha kwa tarehe za kutajwa, mara hakimu yuko likizo, mara mwenzako hajapata wito, unafika mahali unapokea sentensi yoyote yenye neno "haki" ndani yake na kwenda zako. Tulipotoka nje, mzazi mwenzangu na mimi tuliagana vizuri tu. Binti yetu alikuwa na miaka mitano. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, nami sikuwa na cha kuthibitisha vinginevyo. Ni mama mzuri. Naliweka hilo mapema kwa sababu makala za namna hii, hasa zikiandikwa na wanaume, huanza kunuka chuki kabla hujafika aya ya tatu.

Yeye alihamia kwa mama yake Kibaha, mimi nikabaki Tabata. Miezi ya mwanzo nilikuwa napiga simu Ijumaa, naenda Jumamosi, nashinda na mtoto, jioni narudi. Halafu mmoja wetu akapata mwenzi mpya, na majibu ya Ijumaa yakabadilika. Mtoto ana mafua. Mtoto ana tuisheni. Jirani anabatiza. Wiki hii tuna wageni, jaribu wiki ijayo. Hakuna hata moja kati ya hayo unaloweza kuliita uongo likiwa peke yake; watoto huugua, na Kibaha watu hubatizwa. Ndio ugumu wa kunyimwa mtoto kistaarabu. Hakuna anayekukatalia, unaahirishwa tu.

Siku moja nilikwenda bila kusubiri jibu. Bibi yake alinifungulia geti nusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Za Dar? Poleni na joto."

"Tumeshapoa mama. Mtoto nimemkuta?"

"Aa, wametoka na mama yake, wamekwenda Mlandizi tangu asubuhi. Ungepiga simu, baba."

Nyuma yake, kwenye ngazi ya baraza, zilikuwepo kandambili za njano, ya kushoto imefungwa kamba yake kwa waya mwembamba wa shaba. Waya huo niliupitisha mimi mwenyewe kwa koleo, mtoto kanisimamia kichwani akihoji kila hatua. Ndani televisheni ilikuwa inaimba wimbo wa katuni. Bibi aliona macho yangu yako wapi na hakugeuka. Nami sikusema neno, maana tulikolelewa humwiti mama mkwe mwongo mlangoni kwake, hata akiwa mama mkwe wa zamani. Nikamwachia mfuko wa machungwa na madaftari, nikaaga.

Nilipitia kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Afande aliyekuwa zamu aliisoma amri yangu mpaka mwisho, jambo ambalo ndugu zangu walionipongeza hawakuwahi kulifanya. "Kaka," akasema, "hapa sioni jinai. Hakuna aliyempiga mtoto, hakuna aliyemtelekeza, na huyo anayekaa naye ndiye aliyepewa na mahakama. Hili ni la madai. Rudi kwa hakimu wako." Watu wengi wakijibiwa hivyo hutoka wakisema polisi wamehongwa. Mimi naona alisema kweli. Ni kweli Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 124, inafanya kutotii amri halali kuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili. Lakini polisi gani atasema amri imevunjwa saa ngapi, ikiwa amri yenyewe haina saa?

Kabla sijarudi kwa hakimu nilipata ushauri wa bure kijiweni. Nauandika kwa sababu najua nawe umeshaupata.

Wa kwanza: kata matunzo, atakuja mwenyewe kukutafuta. Huu hupendwa sana na wanaume, na wapo wanawake wenye toleo lao: hujatoa hela, humwoni mtoto. Yote mawili yanamgeuza mtoto kuwa risiti. Sheria ya Ndoa inamtaka baba awatunze watoto wake, wawe kwake au wawe kwa mtu mwingine, na hakuna mahali inaposema "ilimradi ameonyeshwa". Upande wa pili, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaposema juu ya wazazi walioachana, inampa mtoto mwenyewe haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, mradi tu masomo yake hayavurugiki. Haki ni ya mtoto, hailipiwi na baba. (Kabla ya sheria hiyo ya 2009, mama aliyezaa nje ya ndoa alidai matunzo kwa sheria ya zamani iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia. Nawaonea huruma mahakimu waliolazimika kuisoma amri hiyo kwa sauti bila kucheka au kulia.)

Kwa hiyo niliendelea kutuma, kwa simu, tarehe ileile kila mwezi, na nyuma yake ujumbe mfupi wa WhatsApp: matunzo ya Machi, matunzo ya Aprili. Sikutuma kwa utakatifu. Mtoto alikuwa anakula, na mimi nilikuwa najenga kumbukumbu. Mzazi anayekwenda mahakamani kulalamika kanyimwa mtoto huku ana deni la matunzo la miezi sita atasikilizwa, lakini atasikilizwa na watu walionuna.

Wa pili: mfuate shuleni, mchukue, ukae naye wiki nzima uone kama hawatakuheshimu. Huu ni wa hatari zaidi. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kwa mtu mwenye hifadhi yake halali, na haisemi isipokuwa baba mzazi. Ukifanya hivyo, asubuhi uliamka mlalamikaji, mchana unakuwa mlalamikiwa, na mwalimu wa darasa aliyekuruhusu kwa sababu anakujua sura anaingia matatizoni pamoja nawe. Zaidi ya hapo, mwenzako aliyekuwa anatafuta sababu ya kusema huaminiki na mtoto umempelekea sababu hiyo mkononi.

Nikaandika maombi ya kukazia hukumu, yaani mahakama ilazimishe amri yake ifuatwe, na hati ya kiapo ikaeleza yote: ujumbe wa Ijumaa, kandambili, Mlandizi. Mzazi mwenzangu akaletewa wito, akaja. Hakimu alikuwa mwingine, mwanamama wa makamo, mwenye tabia ya kusoma jalada huku anagonga kalamu mezani. Aligonga kwa muda mrefu.

"Baba, unataka nikaze nini?"

"Amri, mheshimiwa."

"Amri inasema nyakati zinazofaa. Mama anasema siku hii haikufaa, mtoto alikuwa mgonjwa. Siku hii haikufaa, kulikuwa na wageni. Wewe unasema zilifaa. Mimi nimkamate kwa lipi?"

Sikuwa na jibu, na naamini hata wakili wa bei kubwa asingekuwa nalo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu mtu aliyeamriwa kufanya jambo, au kuacha jambo, awekwe kizuizini kama mfungwa wa madai au mali yake ikamatwe. Ila kuna masharti mawili yanayokwenda pamoja: awe alipata nafasi ya kutii, na awe alikataa kwa makusudi. Tazama sasa amri yangu kwa masharti hayo. Nafasi ya kutii ilikuwa lini? Haijulikani, kwa sababu hakuna siku iliyotajwa. Alikataa lini? Hajawahi kukataa, alisema wiki ijayo. Mahakama iliyoandika "nyakati zinazofaa" ilikuwa imejifunga mikono yenyewe, ikampa mzazi mmoja kazi ya uhakimu.

Ndiyo maana nimeamua kuandika makala hii. Watu huniuliza namna ya kukazia amri ya kumwona mtoto, wakitarajia niwatajie fomu au ofisi. Fomu ipo, ofisi ipo. Lakini kazi kubwa ya kukazia hufanyika siku ile amri inapoandikwa. Amri inayotaja siku, saa, mahali na mtu wa kumpokea mtoto, nusu yake hujikazia yenyewe, na nusu inayobaki hakimu ana pa kuishika.

Na sheria haikuwazuia mahakimu kuandika hivyo. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kupanga mzazi asiyekaa na mtoto amwone nyakati gani na mara ngapi, mtoto aende kwake kwa vipindi gani, hata ndugu wa mzazi huyo wapewe haki hiyo, na hata kumkataza mwenye mtoto asimtoe nje ya Tanzania. Yote hayo mahakama inaweza kuyaandika. Isipoombwa haiandiki, kwa sababu hakimu ana majalada mengine mezani na wewe umesimama mbele yake unasema "nataka tu kumwona mwanangu". Kuna kinyongo kidogo hapa nitakisema: mawakili wetu wengi hupigania nyumba na kiwanja mpaka kwenye mipaka ya hatua, kisha mtoto wanamwachia mstari mmoja wa mwisho.

Kifungu cha 133 cha sheria hiyohiyo ndicho kilichonisaidia. Mahakama inaweza kubadili amri ya hifadhi au matunzo wakati wowote kukiwa na mabadiliko makubwa ya hali, au ikibainika amri ya awali ilijengwa juu ya maelezo yasiyo ya kweli. Hakimu alinidokeza hivyo bila kunidokeza, kama wanavyojua wenyewe. Nikayaondoa maombi ya kukazia, nikapeleka ya kubadili. Safari hii sikuomba "haki ya kumwona mtoto". Nilikwenda na rasimu.

Nilikaa nayo jikoni usiku, nikijiuliza kila sentensi: mtu mwenye hasira atapita wapi hapa? Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Lakini Jumamosi ya kwanza ya mwezi unaoanza Jumapili ni ipi, kuna watu wamegombana kwa hilo. Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na kuchelewa kunaanza kuhesabika baada ya nusu saa, kwa sababu barabara ya Morogoro haijui amri za mahakama. Mtoto akiugua, cheti cha zahanati, na siku hiyo inahamia Jumamosi inayofuata bila kuombwa upya. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Ugonjwa ukiacha kufuta siku na kuanza kuihamisha tu, watoto huacha kuugua Ijumaa.

Simu: Jumatano saa moja usiku, kwa namba ipi, na mtoto aongee akiwa peke yake. Likizo ya Juni na ya Desemba: nusu kwa nusu, na mwaka huu nani aanze. Nani mwingine anaruhusiwa kumchukua nikiwa na dharura: dada yangu, jina lake na namba yake ya kitambulisho, si mtu mwingine.

Mahali ndipo paliponisumbua zaidi. Getini kwa bibi hapakuwa na faida kwa mtu yeyote. Ofisi ya ustawi wa jamii ingefaa, ila Jumamosi imefungwa, na watu wengi hawaligundui hilo mpaka wamesimama mbele ya kufuli. Ofisi ya serikali ya mtaa, vilevile. Aliyetuokoa ni mama mdogo wa mzazi mwenzangu, anayekaa karibu na stendi ya Maili Moja. Ni ndugu wa upande wao, kwa hiyo hawakuwa na hofu naye. Ni mtu ambaye hata mimi nikimsalimia huwa nainama bila kujilazimisha. Alikubali, kwa sharti moja: kila mtu asaini. Alinunua kaunta buku, akachora mistari kwa rula: tarehe, saa ya kuletwa, saa ya kuchukuliwa, saa ya kurudishwa, sahihi. Mwanzoni nililiona la kitoto. Kaunta buku lile baadaye lilifanya kazi ambayo mashahidi watatu wasingeifanya.

Kabla ya uamuzi, mahakama iliomba taarifa ya afisa ustawi wa jamii. Alikuja kwangu bila taarifa, akaangalia mtoto atalala wapi, choo kiko wapi, nani mwingine anakaa ndani. Akaenda na Kibaha. Akazungumza na binti yangu akiwa peke yake, kwa kuwa sheria inataka maoni ya mtoto yazingatiwe pale anapokuwa ameyatoa kwa uhuru wake. Hilo la uhuru ndilo linaloliwa na wazazi wa pande zote mbili. Mtoto aliyefundishwa cha kusema hujulikana. Afisa aliyekaa kazini miaka husikia maneno ya mtu mzima yakitoka katika mdomo wa mtoto wa miaka saba. Alichosema binti yangu kimo kwenye taarifa, nami sitakiandika hapa. Ni chake.

Amri mpya ilitoka ikiwa na karibu yote niliyoomba, isipokuwa simu ya Jumatano, ambayo hakimu aliisogeza mapema ili isigongane na muda wa kulala.

Ilifanya kazi, kisha ikasimama, kama nilivyotegemea. Kuna kipindi Jumamosi zilipita mama mdogo kakaa na kaunta buku lake wazi na hakuna aliyeletwa. Aliandika: "Saa tatu na nusu, baba yupo, mtoto hajaletwa, hakuna simu." Mimi nikasaini, naye akasaini. Sikupiga kelele kwenye WhatsApp. Nilituma ujumbe mmoja kila mara, wa aina moja: nimefika, sijamkuta, naomba siku mbadala kama amri inavyosema. Ukituma ujumbe kwa mzazi mwenzako katika hali hii, andika ukijua hakimu ndiye msomaji wa pili. Matusi yako ya saa tano usiku yatasomwa mchana kweupe na karani mwenye sauti kavu.

Safari hii maombi yalikuwa mafupi. Amri hii hapa, tarehe hizi hapa, kurasa za kaunta buku hizi hapa. Mahakama ikamwita mzazi mwenzangu aje aeleze kwa nini asichukuliwe hatua kwa kudharau amri. Swali la "nikaze nini" halikuulizwa tena.

Alikuja na kaka yake. Hakimu alimuuliza siku moja baada ya nyingine, tena taratibu, na kwa mbili za mwanzo alijaribu kutoa sababu. Ya tatu aliacha. Akasema anaogopa mtoto atamwita yule mwanamke mama.

Basi, ukweli ukatoka: mwenye mwenzi mpya nilikuwa mimi. Hakimu aliacha kugonga kalamu. Hakuna kifungu cha sheria kwa jambo lile, na ndilo lililokuwa limejificha nyuma ya mafua, tuisheni na ubatizo wote. Alimwambia, "Mama, hilo mnaweza kukubaliana sasa hivi hapa," na tukakubaliana: mke wangu ataitwa anti. Jela haikutajwa na mtu yeyote chumbani mle. Siku zilizopotea zikafidiwa ndani ya likizo, na onyo likaandikwa kwenye jalada kwamba kosa likijirudia hatua itachukuliwa.

Nilikuwa sijaomba afungwe, na ningependa wanaume wanaonisoma walitafakari hilo kabla ya kukopi maombi ya mtu kutoka intaneti. Kifungo cha madai kipo kisheria na kuna watu wasiosikia mpaka wakione. Lakini mama akilala ndani, mtoto wako analala kwa nani, na bibi atamweleza nani kampeleka mama yake huko? Kwa wazazi wengi nguvu ya maombi haya iko kwenye wito, katika kulazimika kusimama mbele ya mtu wa tatu na kueleza Jumamosi moja moja. Watu wazima wengi hawawezi kurudia visingizio vyao kwa mpangilio wa tarehe.

Sasa, kuna wanaokataa kwa sababu. Kama mzazi mwenzako anampiga mtoto, analewa akiwa naye, au una shaka ya jambo baya zaidi ya hayo, usimpeleke mtoto kwa kuogopa amri, na wala usinyamaze nyumbani ukidhani kimya kitakulinda. Nenda mahakamani wewe kabla hajaenda yeye, omba amri ibadilishwe au aonane na mtoto mbele ya afisa ustawi. Hatari kwa mtoto ndiyo kazi halisi ya lile dawati la polisi, na ipo namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo. Mzazi anayekataa kwa siri na mzazi anayekataa kwa maombi ya maandishi wanaweza kuwa na hofu moja, ila mbele ya hakimu hawafanani hata kidogo.

Kwenye benchi la nje ya mahakama nilikaa na mama mmoja ambaye habari yake ni kinyume cha yangu. Hakuwa ameolewa. Baba wa mtoto alikuja "kumwazima" mtoto kwa Krismasi, akampeleka Bukoba kwa wazazi wake, na hakurudi naye. Kila akipiga simu anajibiwa kwamba mtoto ni wa ukoo. Mtoto ana miaka minne. Kwake yeye hakukuwa na talaka wala Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kupitia kwanza. Njia yake ilikuwa Sheria ya Mtoto, maombi ya hifadhi katika Mahakama ya Watoto, ambako shauri husikilizwa faragha. Mzazi anaweza kuomba, na hata ndugu aliyekuwa akimlea mtoto anaweza. Miongoni mwa mambo ambayo mahakama hutakiwa kuyaangalia ni umri wa mtoto na malezi yake yasikatizwe ovyo. Hapo ndipo kuchelewa kunapoua. Kila mwezi mtoto anaokaa Bukoba unampa baba hoja ya kusema ameshazoea huku. Nilimwambia asisubiri kikao cha ukoo kinachoahirishwa. Kikao kiendelee, na maombi yaende. Amri ikishatoka, mahakama inaweza kuipeleka ikakaziwe na mahakama ya huko alipo mtoto, si lazima apande basi mwenyewe kwenda kupigana na mashemeji.

Wakili hakuwa naye, na hakuwa na haja ya kumwuza mbuzi kumpata. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambulika mpaka wilayani, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamekuwa wakiandika maombi ya namna hii kwa miaka mingi.

Haya yote ni ya Bara. Zanzibar wana Sheria yao ya Watoto ya 2011 na Mahkama za Kadhi. Wakenya wanaosoma wana Katiba ya 2010 inayosema, ibara ya 53, kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto wawe wameoana au la, na juu yake Sheria ya Watoto ya 2022. Na kwa mlioko Muscat, Ujerumani au Marekani, au mnaoogopa mtoto atapelekwa huko: Tanzania haimo katika Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudishana watoto, kwa hiyo dawa iko kabla ya uwanja wa ndege. Omba katazo la kumtoa mtoto nchini liandikwe ndani ya amri, mapema, hata kama leo inaonekana ni matusi kumfikiria mwenzako hivyo.

Kwetu sasa kuna Desemba. Amri inasema nusu ya likizo, na nusu ya pili ni yangu. Haikusema kama naweza kumpeleka mtoto Mbeya kwa babu yake, na mzazi mwenzangu anashika kwamba "kwa baba" maana yake ni Tabata. Nimeandika pendekezo: tarehe ya kuondoka, jina la basi, namba ya simu ya babu, nauli zote juu yangu, tarehe ya kurudi. Nimelituma kwake na nakala kwa mama mdogo. Amejibu jana. Safari haina neno, ila hataki arudi siku moja kabla ya shule kufunguliwa, anataka tatu, kwa sababu kuna kusuka nywele na sare za kununua. Nimemjibu mbili.